Songeaneni Kidogo: Niliyoyajua Nikitengeneza Mabango ya Bata Chuoni Tabora

Kuna picha moja nimeihamisha simu hadi simu, sijawahi kuifuta. Ilipigwa usiku wa Ijumaa mwaka 2018, kwenye ukumbi mmoja upande wa Ipuli, hapa Tabora. Ukiitazama utaapa kwamba walikuwepo watu 300. Mikono iko juu, taa za zambarau, dada mmoja katikati kainua chupa kama nahodha aliyekabidhiwa kombe.

Tulikuwa 37. Nina uhakika na idadi hiyo kwa sababu mimi ndiye niliyekaa mlangoni na daftari la viingilio, na wiki mbili kabla mimi ndiye niliyetengeneza bango la kuwaita hao watu.

Ilipokaribia saa sita, mpiga picha aliona mambo hayaendi. Akasimama juu ya kreti mbili, akatuita wote kwenye kona ya spika. "Songeaneni kidogo. Wa nyuma inueni mikono. Kaka wa shati jeupe, sogea huku, hapo pako wazi." Didjei akapunguza muziki ili tusikie maelekezo. Tukasongeana, tukapiga kelele tulipoambiwa tupige, akapiga picha kama ishirini hivi, kisha kila mtu akarudi kwenye kiti chake na simu yake. Wiki iliyofuata nikaiweka picha hiyo kwenye bango la sherehe nyingine, juu yake nikaandika kwa rangi ya dhahabu: "Ulikosa? Usirudie kosa."

Naandika haya kwa sababu ya mdogo wangu, binti wa baba mdogo. Anaanza chuo Oktoba, na tangu majina ya waliochaguliwa yatoke ameshaunganishwa kwenye magrupu matatu ya WhatsApp ya "karibuni mwaka wa kwanza". Kila siku ananitumia mabango. "Kaka, hii ikoje? Ndo watu wanaishi hivi?" Nilianza kumjibu kwa ujumbe mfupi, nikaona haufai.

Nianze na namna nilivyoingia humo. Nilitoka Kaliua, mzee wangu analima tumbaku, na hela ya nyumbani ilikuwa ikija kwa msimu wa masoko. Kati ya msimu na msimu unajitegemea. Mwenzangu wa chumbani alikuwa na laptopu, nikajifunza kupanga picha na maandishi usiku yeye akilala. Bango la kwanza lilinipa 15,000. Kwa mwanafunzi hiyo ni hela, nisikudanganye. Mpaka namaliza chuo nilikuwa nimetengeneza zaidi ya mabango arobaini, na kuna mwandaaji mmoja mpaka leo ananidai namba ya simu mpya wakati mimi ndiye ninayemdai 45,000.

Maagizo yalikuwa yale yale kila mara. "Weka wadada. Weka fataki. Weka bwawa." Bwawa! Ukumbi wenyewe maji ya chooni yalikuwa ya ndoo. Mabwawa nilikuwa nayachota mtandaoni, na watu pia, wamekatwa tayari bila mandhari ya nyuma, unawabandika popote. Kuna kaka mmoja Mmarekani mweusi mwenye miwani nimemtumia mara nane. Alihudhuria sherehe nyingi za Tabora kuliko mimi.

Baada ya muda nikagundua mambo ambayo hakuna aliyeniambia niyafuate, lakini nilikuwa nayafuata. Kwenye bango chupa huwa imejaa. Sikuwahi kuweka chupa tupu. Saa huwa ni saa nne usiku, haijawahi kuwa saa kumi alfajiri. Hakuna aliyekaa peke yake, hakuna mwenye macho mekundu, hakuna anayetafuta kiatu cha pili. Nikaanza kuyaangalia matangazo makubwa, yale ya kampuni, yale ya barabarani na ya kwenye televisheni, nikakuta nayo yanafuata kanuni hizo hizo, tofauti ni bajeti tu. Mdogo wangu, ukiletewa tangazo, angalia kilichoachwa nje. Hicho ndicho utakachokikuta ukifika.

Ila hayo ya chupa na bwawa ni madogo. Kubwa ni ule umati.

Mwaka wa pili tulikuwa wanne chumbani, Isevya. Ijumaa moja kulikuwa na sherehe iliyotangazwa mpaka basi. Jioni kila mmoja akavaa, kila mmoja akaaga kwa staili yake: huyu ana mchongo mahali, yule anapitia kwa washikaji kwanza. Mimi sikuwa na hela wala hamu, lakini ningesemaje? Nikatoka. Nikaenda kwa mama mmoja anayekaanga chipsi karibu na kituo cha bodaboda, nikaagiza za 1,500, nikakaa upande wa giza. Haikupita nusu saa akaingia wa kwanza. Akaniona, akasema anawasubiri wenzake. Nikamwambia na mimi nawasubiri wangu. Akaja wa pili. Wa tatu alipofika hakuna aliyeuliza kitu, tukaunganisha meza. Tumeishi chumba kimoja miezi saba, wote wanne hatukuwa tunapenda kwenda, na kila mmoja aliamini ni yeye peke yake.

Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba jambo hilo limefanyiwa utafiti. Mwaka 1986 Wamarekani wawili, H. Wesley Perkins na Alan Berkowitz, walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa chuo mambo mawili: wewe unaonaje kuhusu unywaji, na unadhani wenzako wanaonaje? Wanafunzi waliwadhania wenzao kuwa wanaukubali ulevi kuliko wenzao wenyewe walivyosema. Yaani kila mtu alijiona mshamba katikati ya watu waliochangamka, kumbe wamejaa washamba. Nilipoisoma nilikumbuka zile chipsi za 1,500. Nilikumbuka pia kazi yangu, maana mimi ndiye niliyekuwa nawaongezea watu dhana hiyo kwa 15,000 kila bango.

Tangazo halihitaji kukushawishi kwamba bia ni tamu. Ukiamini kwamba chuo kizima kitakuwa pale na wewe utabaki hosteli na ndoo yako ya kufulia, kazi imekwisha, utajipeleka mwenyewe.

Sasa angalia tarehe. Hili sitaki ulisahau. Kabla mwandaaji hajanipa hata jina la sherehe, swali lake lilikuwa moja: "Bumu linasoma lini?" Yaani hela ya mkopo wa wanafunzi inaingia lini. Bango lingekaa tayari kwenye laptopu hata siku kumi, likisubiri watu wasaini hela hiyo. Enzi zetu posho ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ilikuwa 8,500 kwa siku, inaingia ya siku 60 kwa mkupuo, yaani 510,000. Siku hizi ni 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, kwa hiyo mkupuo huo unafika 600,000. Kijana wa miaka 20 ambaye hajawahi kushika laki mbili kwa wakati mmoja anaamka na laki sita kwenye akaunti, na asubuhi hiyo hiyo simu inaita: sherehe, ofa, bia ya kwanza bure. Usidhani ni bahati.

Hesabu ya usiku mmoja, kwa bei za wakati wetu, ilikuwa hivi. Kiingilio 5,000, bango limeandika hicho tu. Bia tatu 9,000, kwa sababu humo ndani bei si ya nje. Bodaboda kwenda 1,000, kurudi 3,000, na dereva wa usiku hana haja ya kupatana. Chipsi kuku 5,000 kwa sababu pombe inaleta njaa. Hiyo ni 23,000, karibu siku tatu za kula na kulala, na hapo hujamnunulia mtu. Wengi walikuwa wananunuliana. Wiki ya sita unawakuta wanakopa vocha, unga wanaazima kwa vikombe. Bango la wiki ya sita sikuwahi kuagizwa.

Na wewe kwa kuwa ni binti, kuna mstari mmoja nilikuwa nauandika kwa herufi kubwa kuliko yote: "Dada zetu bure mpaka saa nne." Nilidhani ni ukarimu. Siku moja mwenye ukumbi akanieleza, tena bila aibu, akiwa anachokonoa meno: "Wakijaa wadada, wakaka watalipa wenyewe." Basi. Ukiona kitu kinauzwa na wewe umeambiwa uingie bure, jiulize umewekwa upande gani wa kaunta. Ukienda, nenda na wenzako unaowajua, hela ya kurudia ikae kwenye simu yako, si kwenye ahadi ya mtu, na kinywaji chako kifunguliwe ukikiona.

Chini kabisa ya bango, kama kuna kampuni ya vinywaji imechangia, nilitakiwa kuweka onyo: haiuzwi kwa walio chini ya miaka 18, kunywa kistaarabu. Nilikuwa naliweka kwa maandishi madogo kuliko yote, rangi ya kijivu juu ya nyeusi. Hakuna aliyewahi kunirudishia bango akisema onyo halisomeki. Jina la didjei likipotea kidogo tu, simu tatu.

Wafaransa walilishughulikia jambo hili kwa namna ambayo mimi, kama mtengeneza mabango, naiheshimu. Wana sheria ya Januari 1991, huitwa sheria ya Évin kwa jina la waziri wa wakati huo. Inakataza matangazo ya pombe kwenye televisheni na sinema, na yale yanayoruhusiwa yanatakiwa yaseme habari za kinywaji chenyewe: jina, kimetoka wapi, kimetengenezwa na nini, kina kilevi asilimia ngapi. Fanya zoezi hilo kwenye simu yako. Chukua bango lolote, ziba kwa kidole watu, ziba taa, ziba bwawa. Kinachobaki ni chupa na asilimia 5. Ukikitaka hicho kilichobaki, sawa, wewe ni mtu mzima. Mara nyingi utakuta ulikuwa unawataka wale watu, nao hawatakuwepo.

Nikikumbuka, pombe zilizowaumiza wengi pale mtaani hazikuwa hata na bango. Viroba, kabla serikali haijavipiga marufuku Machi 1, 2017, vilikuwa vinajitangaza kwa bei yake tu, vinaning'inia dukani karibu na peremende. Na wanzuki, pombe yetu ya asali, nani amewahi kuiona kwenye tangazo? Watu wanajua nyumba na wanajua saa. Sisemi hizo ni bora. Nasema tu kwamba hakuna aliyewahi kunywa wanzuki ili aonekane anaishi Miami.

Mabango kama yangu nasikia yanapungua. Siku hizi tangazo linakuja kama rafiki yako. Mtu wa darasani kwako anaweka kwenye stetasi, "leo tunazama, nani anakosa?", unadhani anakualika. Hata sisi tulianza hivyo: kila atakayefika mlangoni akataja jina langu, nilikuwa napata 1,000. Niliwaalika watu ambao hata salamu hatukuwa tunapeana. Kwa hiyo akikuita mtu, muulize kwa utani, "Ukinileta unapata shilingi ngapi?" Mwenye mapenzi yake atacheka. Mwenye kamisheni atauliza nani kakwambia.

Sijakukataza kwenda. Mimi nimekwenda, nimecheza, nimefurahi, na kuna Jumamosi moja nilikosa jaribio la saa mbili asubuhi na lile somo nikalilipa kwa sapu, mtihani wa marudio. Yote ni yangu.

Asubuhi ile baada ya picha ya watu 37 nilirudi ukumbini kufuata nyaya za mwenzangu. Nilimkuta mama anayefagia, mtu mzima, khanga kaifunga kiunoni, anapanga chupa kwenye kreti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Jana walikuja?"

"Walijaa, mama."

Aliendelea kupanga. Akamaliza kreti ya pili, akabaki na chupa tatu mkononi, akatafuta pa kuziweka. "Walijaa," akasema, akaziweka kwenye ndoo.

Jana usiku mdogo wangu alinitumia bango jingine. Sherehe ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza, ukumbi mwingine, mwandaaji ambaye simjui, rangi ya dhahabu kila mahali. Nikalivuta kwa vidole viwili nilione vizuri. Taa za zambarau. Dada na chupa yake. Na pale kushoto, akiziba pengo, kaka wa shati jeupe, ambaye sasa ni mwalimu Sikonge, ana watoto wawili, na saa tatu usiku huwa ameshalala.

Nikampigia simu, nikamtumia. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza hao watu tuwadai shilingi ngapi.