Maswali ya nyongeza ya uchumi mpana yanataka kalamu

Mdogo wangu wa Ujiji ameniandikia: ana vitini vitatu, video chungu nzima na kitabu cha maswali ya nyongeza, lakini swali la Pato la Taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini kwa mwaka, bado linamshinda. Vifaa vinakutosha, mdogo wangu. Funika majibu, shika daftari na kalkuleta, tutunge swali kwa bidhaa za Kigoma.

Uchumi wetu una bidhaa mbili tu. Mwaka wa kwanza: madumu 100 ya mawese kwa shilingi 50,000 kila moja, na magunia 20 ya dagaa kwa 200,000. Jumla milioni 9. Mwaka wa pili mawese ni madumu yale yale 100, bei 60,000. Dagaa magunia 22, bei 250,000. Jumla milioni 11.5. Wengi huandika "uchumi umekua kwa asilimia 27.8", alama zinakwenda na maji, maana sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni bei. Chukua wingi wa mwaka wa pili, uzidishe kwa bei za mwaka wa kwanza: mawese milioni 5, dagaa milioni 4.4, jumla 9.4. Ukuaji halisi, yaani ule usiotokana na bei, ni asilimia 4.4, na wote umeletwa na yale magunia mawili ya dagaa.

Sasa bei. Usitoe 4.4 kwenye 27.8 ukaandika 23.4, mkato huo hukaribia jibu pale tu asilimia zinapokuwa ndogo. Gawanya 11.5 kwa 9.4, zidisha kwa 100, upate 122.3, bei za mwaka wa kwanza zikiwa 100. Bei zimepanda kwa asilimia 22.3.

Kisha jitegee mtego: madumu 30 yamenunuliwa na mpika sabuni. Ukijumlisha mawese hayo pamoja na thamani nzima ya sabuni, umeyahesabu mara mbili. Kwenye sabuni chukua kile kilichoongezeka juu ya gharama ya mawese.

Ukizoea, fungua majedwali ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu yanayotumia bei za 2015, urudie hesabu hiyo hiyo.

Tena, angalia mwaka wa kitini chako, nakusihi. Vya kabla ya Januari 2024 havina Riba ya Benki Kuu, yaani riba elekezi ya sera ya fedha ya Benki Kuu ya Tanzania, iliyoanza kwa asilimia 5.5 na kufika 6 Aprili mwaka huo. Sura ya sera ya fedha isomee kwenye taarifa za Benki Kuu yenyewe.