Kivuko kikipita, elekeza omo kwenye wimbi

Ndugu unayeuliza namna ya kuvua kwa ndoano na mtumbwi mdogo Ghuba ya Mwanza bila kupinduliwa na mawimbi ya vivuko: ukiona kivuko kinatoka Kamanga, usikae ukiwa umekipa ubavu. Wimbi linakufikia chombo kikiwa kimeshapita, wakati wengi wameshageukia mishipi yao. Elekeza omo, yaani mbele ya mtumbwi, kwenye wimbi, kwa mshazari kidogo, na wote mkae chini, asisimame mtu.

Nanga ifungwe omo tu. Ukiifunga tezi, yaani nyuma ya mtumbwi, wimbi linaingia kwa nyuma na kamba inauzuia mtumbwi kuinuka, maji yanajaa mara moja. Naomba sana hili ulizingatie. Mimi mwisho wa kamba nafunga dumu tupu la lita 5. Chombo kikubwa kikija upande wangu naachia kamba pamoja na dumu, napiga kasia kando, kikishapita nalifuata dumu linapoelea na kuendelea na sato wangu palepale.

Giza likianza kuingia washa taa mapema, nahodha hawezi kukwepa asichokiona. Na jaketi okozi livae, usilikalie.