Mkuu, usiguse lami bado! Hiyo 4.17 siyo ya taa yako

Mkuu, weka lami ya kusugulia kioo chini kwanza. Umesema kioo chako cha darubini kina upana wa milimita 200, fokasi (umbali hadi mwanga unapokutana) milimita 1200, kimeng'aa na umbo lake ni tufe safi, na sasa unaanza kukichimba kiwe parabola mpaka tofauti ya mahali pa wembe, ukipima katikati ya kioo na ukipima ukingo, ifike milimita 4.17. Umeuliza pia pa kupaka alumini ya kurudisha mwanga na poda ipi ni bora. Lakini angalia picha yako mwenyewe: taa ya kupimia na wembe unaokata mwanga wake unaporudi kutoka kwenye kioo vimefungwa kwenye kigari kimoja. Vinatembea pamoja!

Hiyo 4.17 ni r² gawa kwa R (r ni nusu ya upana wa kioo, R ni fokasi mara mbili), yaani 100 mara 100, gawa kwa 2400. Ni ya taa iliyotulia, wembe peke yake ukisogea. Taa ikienda na wembe unagawa kwa 2R: milimita 2.08, basi. Ukifuata 4.17 utachimba mara mbili ya kinachotakiwa, upate haipabola, yaani umbo lililopita parabola, na wembe utakuambia umepatia!

Kioo changu kiliharibikia hapohapo. Jamaa mmoja aliyejiita fundi alinipa jedwali la vipimo vya kanda za kioo, toka katikati hadi ukingo, bila kusema ni la taa ipi. Jupita ilipotoka ukungu mtupu, milia haionekani, akasema ni hewa. Hewa gani, wakati darubini ya jirani palepale uani ilionyesha milia vizuri? Ikabidi nirudishe kioo kuwa tufe, nianze upya. Mtu anayegawa jedwali bila kuandika juu yake "taa imetulia" au "taa inatembea" anaharibia watu kazi, na wapo wengi.

Usiamini kipimo kimoja. Hata kioo cha mita 2.4 cha Hubble, ile darubini ya angani, kilirushwa 1990 kikiwa na umbo baya kwa sababu lenzi ya kifaa kikuu cha kupimia ilikaa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Vifaa vingine vilionyesha kasoro, wakavipuuza.

Wembe ukisema sawa, tia kioo kwenye bomba la darubini kabla ya alumini, elekeza kwenye nyota Sirius. Kioo kitupu hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga, inatosha. Sogeza lenzi ya jicho ndani ya fokasi kidogo, kisha nje kiasi kilekile. Miduara ya mwanga wa nyota utakayoona pande zote mbili lazima ifanane. Ukingo mkali ukitokea nje ya fokasi na ndani ukafifia, umechimba kupita kiasi.

Igandishe taa mahali pamoja au badilisha namba, halafu tupia vipimo vipya hapa. Na jedwali lenye hiyo 4.17, nani kakupa?