Jibu: Kibbutz ni sawa na kijiji cha ujamaa?

Mkuu, umeuliza kama kibbutz za Israeli, yaani vijiji vilivyoanzishwa kwa kuishi na kumiliki mali pamoja, ni ujamaa vijijini kwa jina jingine, na kama bado zipo. Zipo, zaidi ya 250. Ila tofauti ni kubwa: kule watu walijiunga kwa hiari, huku kwetu Tanzania Operesheni Vijiji iliwasomba wengi kwa lazima.

Ya kwanza ni Degania, kusini mwa Ziwa la Galilaya, mwaka 1910, enzi za utawala wa Waosmani (Waturuki). Walianza wanaume kumi na wanawake wawili, vijana watupu. Mshahara hakuna, mfuko mmoja, kila jambo linaamuliwa kwenye mkutano.

Hata nguo zilifuliwa pamoja. Kila mwanachama alikuwa na namba yake imeshonwa kwenye shati, soksi, mpaka chupi, zisije zikapotelea kwa jirani. Chakula kililiwa kwenye bwalo moja, na kuosha vyombo ni zamu, hata uwe mwenyekiti. Kwenye kibbutz nyingi watoto walilala nyumba yao pamoja na walezi, wazazi wanakaa nao saa chache jioni. Hilo mimi lingenishinda. Akina mama wengi nao walichoka, na kufikia miaka ya 1990 utaratibu huo ulikuwa umekufa.

Kilichozitikisa hasa ni madeni ya miaka ya 1980, mfumuko wa bei ulipopaa. Nyingi sasa zinalipa mishahara tofauti kulingana na kazi. Degania yenyewe ilibadilika 2007.