Kufikia Uhandisi Kupitia Chuo cha Jamii Katika Jimbo la Washington

Wazazi na vijana wengi wa Afrika Mashariki ninaokutana nao hapa Seattle huulizia kwanza chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka 2 ambacho mtu huanzia kabla ya kuhamia chuo kikuu) kilicho bora, ilhali linalopaswa kutangulia ni kujua mwanafunzi anataka kumalizia chuo kikuu gani na katika tawi lipi la uhandisi. Njia hii niliipita mwenyewe, nikaanzia chuo cha jamii na kumalizia uhandisi wa ujenzi chuo kikuu, na nimewaona wenzangu wenye bidii wakipoteza mwaka mzima kwa sababu tu masomo waliyosoma hayakuwa yale yaliyotakiwa kule walikokuwa wakielekea.

Vyuo vya jamii vya Washington hutoa shahada za miaka 2 zenye majina yanayofanana mno. Ya uhandisi ni AS-T Track 2 (Associate of Science-Transfer, yaani shahada ya sayansi ya kuhamia chuo kikuu), yenye krediti, yaani vipimo vya uzito wa masomo, zisizopungua 90, ambayo hutanguliza hesabu na sayansi na kumwachia mwanafunzi sehemu ya masomo ya jumla aikamilishe chuo kikuu. AAS-T (Associate in Applied Science-Transfer) nayo ina herufi T ya kuhamia, lakini imejengwa juu ya mafunzo ya kazi na hupokelewa na programu chache maalumu. Aliyeisoma hupata kazi ya heshima, nami siidharau hata kidogo, ila anayetaka kuwa mhandisi asijiandikishe humo akidhani atavuka kirahisi.

Kiini cha yote ni hesabu. Kalkulasi (calculus, hesabu za mabadiliko) ya kwanza hufungua ya pili, fizikia ya wahandisi huitegemea kalkulasi, statiki, somo la nguvu kwenye vitu vilivyotulia, huja baada ya fizikia, na dainamiki, somo la vitu vinavyokwenda, haiwezekani bila statiki. Katika vyuo vidogo baadhi ya masomo haya hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, hivyo anayechelewa muhula mmoja, ambao hapa ni wa wiki 11 hivi, anaweza kulazimika kusubiri hadi mwaka unaofuata. Mimi nilikuja na cheti cha kidato cha sita cha Tanzania, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hesabu), lakini wakati wa usajili nilipangiwa hesabu za maandalizi kana kwamba kalkulasi sijawahi kuisikia. Niliomba mtihani wa upimaji, nikaonyesha matokeo yangu ya Baraza la Mitihani, nikaruhusiwa kuanza na kalkulasi yenyewe. Nawasihi waliosoma PCM au PGM (fizikia, jiografia na hesabu) wadai nafasi hiyo. Hata hivyo, kama miaka imepita na umeyasahau, yarudie bila haya, kwa maana udhaifu wa kalkulasi hujitokeza mapema sana kwenye statiki.

Jambo jingine ambalo familia nyingi hulijua wakiwa wamechelewa ni kwamba katika Chuo Kikuu cha Washington mwanafunzi anayehamia huomba moja kwa moja kwenye fani yake, ambako ushindani ni mkali, na shahada ya miaka 2 peke yake haimhakikishii nafasi. Kila idara ina masharti yake: uhandisi wa kemia hutaka kemia ya kaboni, na uhandisi wa umeme hutaka somo la kuandika programu za kompyuta. Kwa hiyo, muhula wa kwanza usiishe kabla hujazungumza na mshauri wa idara unayoikusudia, pamoja na yule wa chuo chako, na uende na orodha ya masomo yako mkononi. Ukifikiria kuhamia jimbo jingine, tunza silabasi ya kila somo, kwani huko ndiyo itakayosomwa pale jina la somo lisipolingana na la kwao.