Ukipewa mradi wa bustani ya kando ya mto

Mpangamiji mpya akikabidhiwa mradi wa bustani ya kando ya mto, mkono wake hukimbilia njia ya kutembea, kisha madaraja, viti na miti. Namwelewa. Ndiyo sehemu tamu ya kazi, na ndiyo picha ambayo wakubwa huiulizia mapema. Ila bustani za namna hii mara nyingi hazishindwi kwa ubaya wa mchoro. Hushindwa kwa sababu ya viwanja vilivyo ng'ambo ya uzio, ambavyo hakuna aliyejisumbua kusoma masharti yake.

Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote, tafuta ramani ya kontua (mistari inayoonyesha mwinuko wa ardhi) yenye viwango vya mafuriko, ramani ya mabomba, na kanuni za kanda, yaani masharti ya matumizi na ujenzi, za kila kiwanja kinachopakana na ushoroba, yaani ukanda wa mto na bustani yake. Kanuni zenyewe, maana rangi ya ramani haikuambii ukuta unaruhusiwa kwenda juu kiasi gani.

Anza na maji. Mafuriko yanayoitwa ya miaka 100 ni yale yenye uwezekano wa asilimia 1 kutokea mwaka wowote ule, hata kama yalitokea mwaka jana. Anayeishi hapo miaka 30 ana uwezekano wa karibu asilimia 26 wa kuyaona walau mara moja. Ishike hesabu hiyo, maana atakayekuuliza mkutanoni ni mwenye kiwanja ambaye kanuni zako zinamzuia kulala ghorofa ya chini.

Mradi wa bustani ya Bishan-Ang Mo Kio kule Singapore ni wa kusoma kwa makini. Mto Kallang ulikuwa umefungwa ndani ya mfereji wa zege wa kilomita 2.7 kando ya bustani. Mfereji ukavunjwa, mto ukaachwa upinde ndani ya bustani kwa takriban kilomita 3, kazi ikakamilika 2012. Siku kavu watu hukaa kwenye majani hatua chache kutoka majini. Mvua kubwa ikinyesha, majani hayo hayo huwa ndiyo mto, wenye upana unaoweza kufika mita 100, na ving'ora huwaonya watu watoke. Maana yake, sehemu ya chini ya bustani ni chombo cha kubebea maji, na kila utakachokiweka hapo kiwe tayari kuzama. Usiweke choo, kisanduku cha umeme wala ofisi ya mlinzi. Wachoraji hupenda sana kuweka choo bondeni kwa kuwa bomba kuu la majitaka liko karibu. Na kweli liko: majitaka hushuka kwa mteremko, hivyo bomba hilo hufuata mto. Lina eneo lake la kisheria la kufikiwa na mafundi, na hakuna mti wa mizizi mikubwa utakaoruhusiwa juu yake. Ukiligundua baada ya mchoro kupitishwa, nusu ya kivuli ulichoahidi imekwenda.

Sasa kanda. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kanuni ikisema jengo likae umbali fulani kutoka mtoni, uliza: umbali huo unapimwa kutoka wapi? Katikati ya mto, ukingoni, au pale maji yanapofika msimu wa mvua? Mto huhama, huu ukingo ukiliwa ule mwingine hujaa. Dai mstari uliopimwa wenye viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali hasa kwenye ramani, la sivyo kila ombi la kibali litageuka ugomvi na wewe ndiye utakayeitwa kuamua.

Kisha angalia majengo yameelekea wapi. Mto uliodharauliwa kwa miaka mingi hugeuziwa kisogo: maegesho, mapipa ya taka, ukuta mrefu. Andika masharti ya milango na madirisha upande wa mto, uzio mfupi unaopitisha macho, na maegesho yahamie upande wa barabara. Usitarajie kuyaona mwakani. Jengo lililokuwapo kihalali kwa kawaida huachwa liendelee hadi mwenyewe aombe kulipanua au kulijenga upya, kwa hiyo ushoroba hubadilika kiwanja kimoja kimoja. Ndiyo maana nashauri uanze na mitaa inayoshuka mtoni. Pima umbali kwa njia ambayo mtu hutembea kweli, wala si kwa duara kwenye ramani. Nyumba inaweza kuwa mita 200 kutoka bustanini na bado mtu akazunguka kilomita nzima kwa kukosa uchochoro. Uchochoro mmoja uliopatikana kwa sharti la kibali una thamani kuliko daraja la kupendeza.

Thamani ya ardhi itapanda, na watu wa kipato cha chini ndio watakaosukumwa. Tazama High Line ya New York. Si mto, ni reli ya juu iliyoachwa ikageuzwa bustani, lakini somo ni lile lile: mwaka 2005 kanda ya West Chelsea ilibadilishwa, wenye ardhi chini ya reli wakaruhusiwa kuuza haki zao za ujenzi kwa viwanja vingine ili viongeze ghorofa, na baada ya bustani kufunguliwa 2009 majengo ya kifahari yakaizunguka. Sharti la nyumba za bei nafuu liingize kwenye badiliko hilo hilo la kanda. Mwenye kiwanja akishapata ghorofa zake za ziada, huna tena cha kubadilishana naye.

Jambo la mwisho huonekana la kiofisi, na wengi hulipuuza. Cheonggyecheon, kijito cha katikati ya Seoul kilichofunguliwa 2005 baada ya barabara ya juu kubomolewa, hutegemea maji yanayosukumwa kwa pampu, na pampu zina gharama kila siku. Mto wako huenda usihitaji pampu, ila utaleta tope. Andika ndani ya mpango ni idara ipi itakayolizoa baada ya kila mafuriko, kwa fungu lipi la bajeti, na lori litaingilia wapi. Hilo la lori lichore kabisa, maana ndilo litakaloamua upana wa njia yako ya kutembea.