Kabla hujafuta Windows iliyokuja na kompyuta yako

Kompyuta ikiwa mpya, mtu hujiambia hakuna cha kuhifadhi. Picha hazijaingia, nyaraka hazijaandikwa, basi afute tu aweke Linux, mfumo endeshi wa bure. Ndivyo nilivyowaza mwaka 2023 niliponunua yangu Kariakoo. Jioni hiyohiyo nilichomeka flashi yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, nikachagua kufuta diski nzima. Wiki ya pili spika ikaanza kukwaruza. Nikairudisha dukani, waranti ingali hai. Fundi aliwasha, akaona mfumo mwingine, akasema hawaipokei mpaka irudi kama walivyoiuza.

Leseni haikuwa shida, maana mashine nyingi zinazotoka kiwandani na Windows huwa na ufunguo wake ndani ya chipu ya mazabodi. Kilichopotea ni ile sehemu iliyofichwa ya diski yenye mfumo wa kiwandani, pamoja na draiva zake, yaani programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa vya mashine. Windows niliyoipakua upya haikuitambua hata Wi-Fi. Siku tatu nzima nilihangaika kutafuta draiva kwa simu.

Mdogo wangu alipotaka kuhamia Linux mwaka jana, sikumruhusu aguse chochote kabla hatujachukua nakala ya diski nzima. Tulitumia programu ya Clonezilla. Ni ya bure, unaiwasha kutoka kwenye flashi, na nakala inakwenda kwenye diski ya nje. Chagua kuhifadhi diski yote, usichague sehemu mojamoja, kwa sababu unataka pia ramani ya diski na zile sehemu zisizoonekana. Soma majina taratibu: kwetu diski ya ndani ilikuwa nvme0n1 na ya nje sda. Kunakili hakudhuru, lakini siku ya kurudisha ukikosea hapo unafuta nakala yako mwenyewe.

Kuna jambo linalowakwamisha wengi. Kompyuta nyingi za sasa zenye Windows 11 hufunga diski zenyewe kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaofanya data isisomeke bila ufunguo, mara tu unapoingia na akaunti ya Microsoft, na mwenye mashine hana habari. Clonezilla ikikuta diski imefungwa haioni mafaili yaliyomo, hivyo inanakili kila kitu hadi nafasi tupu: diski ya GB 512 inadai karibu GB 512. Ingia kwenye mipangilio, zima ulinzi huo, kisha subiri diski ifunguke mpaka mwisho. Sisi tulisubiri kama dakika arobaini. Baada ya hapo nakala nzima ilikuwa GB 21 tu.

Hata ukiuzima, andika kwanza kwenye karatasi ufunguo wa BitLocker wa tarakimu 48, ule wa kufungulia diski. Unaupata ndani ya akaunti yako ya Microsoft. Usiuhifadhi ndani ya kompyuta hiyohiyo unayokwenda kuifuta!

Unapozima Windows kwa mara ya mwisho, bonyeza Shift huku unachagua kuzima. Bila hivyo mara nyingi huwa haizimiki kabisa, inasinzia tu, na Clonezilla inaweza kuikataa.

Kabla ya kuanza kunakili, Clonezilla inauliza kama ikague nakala ikishamaliza. Kubali, hata kama umeme unakutia wasiwasi na umechoka. Yetu ilikaguliwa ikapita, tukaweka Linux Mint. Diski ya nje iko kabatini kwa mama, ile karatasi ya tarakimu imebandikwa mgongoni mwa diski hiyo.